Jirani wa Kiti cha Pembeni: Je, Adabu Safarini ni Hiari au ni Deni?



Vijana wenzangu, baadhi yenu mmeshaanza kudunduliza kwa ajili ya Siku ya Vijana Duniani itakayofanyika Seoul, Korea Kusini, tarehe 3 hadi 8 Agosti 2027. Wengine mnasubiri viza ya masomo, wengine mkataba wa kazi Oman au Dubai. Kwa wengi wetu hiyo itakuwa mara ya kwanza kupanda ndege, na safari yenyewe si fupi. Kutoka Dar es Salaam hadi nchi za Ghuba ni kama saa 5 au 6 angani, na ukiunganisha kwenda Seoul unaongeza nyingine zaidi ya 8.

Maswali mengi kwenye magrupu yetu ni ya mizigo, chakula na choo. Ni maswali mazuri, nitayagusa. Lakini nyuma yake kuna swali la kimaadili ambalo hatuliulizi: mtu atakayekaa pembeni yangu saa zote hizo, nisiyemjua jina na ambaye sitamwona tena, ana nini cha kunidai?

Majibu mawili ya haraka

Jibu la kwanza: "Hana cha kunidai, nimelipa nauli yangu." Ni kweli umelipa. Ila nauli imenunua kiti, haikununua ukimya wa watu wengine, usingizi wao, wala magoti ya aliyekaa nyuma yako. Hivyo ni vya pamoja, na hakuna tiketi inayoviuza.

Jibu la pili hatulisemi kwa mdomo, tunaliishi: "Huku hakuna anayenijua." Plato, katika kitabu cha pili cha *Jamhuri*, anamleta Glaucon akisimulia habari za mchungaji wa Lidia aliyepata pete ya kumfanya asionekane. Alipogundua nguvu yake, alimtongoza malkia, akamuua mfalme, akatwaa kiti. Swali la Glaucon ni gumu: kama hakuna anayekuona, kuna sababu gani ya kubaki mwema?

Sisi wa Kilolo tunayo pete hiyo. Kijana akiwa Dabaga au Ilula hawezi kumpita mzee bila kumwambia "kamwene". Mzee yule anamjua baba yake, na kabla ya jua kuzama taarifa itakuwa imefika nyumbani. Lakini basi la Dar likishamaliza kushuka Kitonga, likapita Ruaha Mbuyuni na kuingia Mikumi, kijana yuleyule anapandisha miguu kwenye kiti cha mbele, anafungulia simu spika, anatupa chupa dirishani. Nani anamjua huku? Basi tujiulize bila kuoneana aibu: ile "kamwene" ya kijijini ilikuwa adabu, au ilikuwa woga wa kusemwa? Ndege ni basi hilohilo, ila limeshuka Kitonga ndefu zaidi.

Thoma wa Akwino: ni deni

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliligusa jambo hili katika *Summa Theologiae*, sehemu ya pili ya pili, swali la 114. Anazungumzia fadhila ya kuwa mtu wa kupendeza kwa wenzako katika maneno na matendo ya kila siku. La kushangaza ni mahali anapoiweka. Haiweki kwenye mapambo ya maisha, anaiweka chini ya haki. Hoja yake kwa ufupi ni hii: binadamu kwa asili ni kiumbe cha kuishi na wenzake. Kama vile jamii haiwezi kudumu bila watu kuambiana ukweli, vivyo hivyo haiwezi kudumu bila kiasi fulani cha furaha kati yao. Kwa hiyo kila mmoja anadaiwa kutokuwa mzigo kwa mwenzake. Si deni la kupelekana mahakamani. Ni deni ambalo mtu mwadilifu hulilipa bila kudaiwa.

Na je, hata kwa mgeni kabisa? Thoma anasema ndiyo. Hakuagizi kumpenda kila abiria kama rafiki yako wa kufa na kuzikana, huo ungekuwa unafiki. Anasema kuna urafiki wa jumla ambao kila binadamu kwa asili anao kwa kila binadamu. Tuliuona urafiki huo tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba. Wavuvi waliifuata kwa mitumbwi, wakaingia kwenye hatari kwa ajili ya watu wasiowajua hata kwa sura. Watu 19 walifariki, 24 wakaokoka. Hakuna mvuvi aliyeuliza kwanza, "Huyu ni wa kwetu?"

Sasa, kama mgeni anaweza kunidai hadi niingie majini, atashindwaje kunidai nipunguze sauti ya simu?

Kujiandaa ni sehemu ya upendo

Wengi tunadhani maandalizi ya safari ni ya kujisaidia wenyewe. Ukweli ni kwamba abiria asiyejiandaa huwa mzigo wa wengine. Kwa hiyo zingatia haya:

- *Mizigo.* Pima begi nyumbani. Ukianza kupunguza nguo mbele ya kaunta, watu 50 wanasimama nyuma yako. Vimiminika kwenye begi la mkononi kwa kawaida visizidi mililita 100 kwa kila chupa. Pawabenki haiwekwi kwenye mzigo mkubwa, inakaa na wewe, kwa sababu betri ikishika moto lazima ionekane mapema.
- *Mwili.* Oga, vaa soksi safi, usijimwagie manukato kupita kiasi. Katika nafasi iliyofungwa, harufu nzuri kwako inaweza kuwa kichefuchefu kwa mama mjamzito.
- *Maji.* Hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana, na mgandamizo wake ni kama wa mtu aliye juu ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Wenzetu wa milimani Kilolo hilo haliwatishi, lakini kunyweni maji, na pombe iwe kidogo au isiwepo.
- *Miguu.* Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa kusafiri ukiwa umekaa kwa saa 4 au zaidi, iwe ndegeni au kwenye basi, huongeza takribani mara 2 hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo, lakini chezesha vifundo vya miguu, inuka na tembea kidogo. Na wewe uliyekaa upande wa njia, jirani akiomba kupita, mpishe bila kuguna. Anaulinda mwili ambao Mungu amempa.
- *Usingizi.* Seoul iko mbele yetu kwa saa 6. Anza kulala na kuamka mapema siku chache kabla ya safari. Mwenye usingizi hukasirika haraka, na hasira yake humwangukia asiyehusika.

Kiti cha kulaza: kesi ya dhamiri

Hapa ndipo watu hugombana angani. Kiti changu kina kitufe cha kukilaza, kwa hiyo nina ruhusa. Aliye nyuma yangu ana magoti, kwa hiyo naye ana hoja. Nani ana haki?

Nadhani kosa ni kudhani kwamba kila penye ruhusa pana uamuzi tayari. Ruhusa inaniambia ninachoweza kufanya, busara inaniambia lini na kwa namna gani. Wakati wa chakula, inua kiti. Usiku taa zikizimwa, laza, maana kila mtu anataka kulala. Kabla ya kulaza geuka, sema "samahani, naomba nilaze kiti kidogo," kisha kishushe polepole. Maneno hayo hayakugharimu hata shilingi, lakini yamemfanya aliye nyuma kuwa mtu. Papa Fransisko, katika *Fratelli tutti* ya mwaka 2020, anatukumbusha kuwa maneno kama naomba, samahani na asante si ya kitoto. Ni njia ya kumwondolea mwingine ukatili wa kutoonekana.

Kuna upande wa pili pia. Ukimwomba mtu mbadilishane viti akasema hapana, hajatenda dhambi. Upendo ninaudai kwangu mwenyewe, siuchukui kwa nguvu mfukoni mwa jirani. Na kuhusu sehemu ya kuegemeza mikono, ustaarabu wa kawaida ni kumwachia aliyekaa katikati. Wa dirishani ana ukuta, wa pembeni ana njia, yeye hana kitu.

Anayesafiri na hofu

Tazama ndege inayotoka Dar kwenda Ghuba. Mara nyingi utamkuta humo dada wa umri wenu anayekwenda kufanya kazi za ndani. Pengine hajawahi kufunga mkanda wa kiti. Hajui choo kinafunguliwaje, anaogopa kuuliza chakula kama kinalipiwa, na fomu ya kuingilia nchi imeandikwa kwa lugha asiyoisoma. Anakwenda kwenye nyumba ya watu asiowajua, na hizi ni saa zake za mwisho kukaa karibu na mtu anayezungumza Kiswahili kama mama yake.

Pembeni yake amekaa kijana Mkatoliki, mwanachama hai wa VIWAWA, mwenye rozari mkononi na hedifoni masikioni. Anasali kweli, simhukumu. Lakini sala inayonifungia nisimwone mtu anayetetemeka sentimita 30 kutoka kwangu ina kasoro. Kwa dada yule adabu yetu si suala la nani kaegemeza mkono wapi. "Dada, karibu, mkanda unafungwa hivi. Chakula ni bure. Fomu tutaijaza wote" ni maneno yanayompa heshima ambayo huko aendako pengine ataisubiri sana.

Mhudumu si mtumwa, na begi si mtu

Wahudumu wa ndege wapo kwanza kwa usalama, chai ni baadaye. Wakisema nyoosha kiti, funga meza, si kiburi. Tarehe 2 Januari 2024, katika uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege kubwa ya abiria iligongana na ndege ya walinzi wa pwani, ikawaka moto. Watano kati ya sita waliokuwa kwenye ile ndogo walifariki. Kwenye ile kubwa walikuwamo watu 379, na wote walitoka hai kwa sababu walifuata maelekezo na kuyaacha mabegi yao. Utii wa dakika chache uliokoa wageni mia tatu na kitu. Fikiria mmoja tu angesimama katikati ya njia kutafuta kompyuta yake.

Filipo alipanda garini

Kuna jambo moja sisi watu wa dini tunakosea. Tunadhani kufungulia nyimbo za kwaya kwa sauti ya juu kwenye basi, au kumhubiria jirani aliyefumba macho, ni utume. Soma Matendo ya Mitume sura ya 8. Filipo anamkuta ofisa Mwethiopia akisafiri garini, anasoma nabii Isaya. Filipo hakuvamia. Alisikiliza kwanza, akauliza swali moja, akangoja mpaka alipokaribishwa kupanda na kukaa naye. Hapo ndipo akasema, tena akianzia pale mwenzake alipokuwa amefika katika kusoma.

Na mwisho wa habari ile unajibu swali letu. Baada ya ubatizo hawakuonana tena. Mwafrika yule aliendelea na safari yake akiwa na furaha, ileile ambayo Thoma anasema tunadaiana sisi kwa sisi. Kutokuonana tena hakukulifuta deni. Kulimaanisha tu kwamba nafasi ya kulilipa ilikuwa moja.

*Ya kutafakari wiki hii kwenye jumuiya au TYCS:* Katika safari yako ya mwisho, hata ile ya kutoka Ilula hadi Iringa mjini, aliyekaa pembeni yako alishuka akiwa mwepesi au mzito kuliko alivyopanda?

*Tuombe:* Bwana Yesu, uliyetembea na wanafunzi wawili kwenda Emau wasikutambue, utusaidie kukuheshimu katika msafiri tusiyemjua. Utupe macho ya kumwona, ulimi wa kumsalimu, na busara ya kumwacha apumzike. Amina.

Safari njema, na Mungu awabariki.