Aliyesifiwa Bila Dosari Aombewe Nini?

Akifa mzee pale Mkuu, makao makuu ya Wilaya ya Rombo, kuna karatasi husomwa mbele ya waombolezaji. Ni wasifu wa marehemu, na mwendo wake anaujua kila aliyewahi kukaa chini ya turubai la msiba Uchaggani. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, mtoto wa fulani na fulani. Akabatizwa, akapata kipaimara, akasoma hadi darasa la nne katika shule ya misheni, akafunga ndoa takatifu. Alikuwa mkulima wa kahawa na migomba. Aliugua, akalazwa Hospitali ya Huruma, akafariki. Ameacha mjane, watoto, wajukuu, vitukuu na vilembwe, na idadi ya kila kundi hutajwa kwa sauti ya fahari.

Mgeni anaweza kuona kwamba miaka 90 imekaushwa mno. Lakini Kitabu cha Mwanzo, sura ya 5, kinawaandika mababu vivyo hivyo: aliishi miaka kadhaa, akazaa, akafa. Methusela na miaka yake yote 969 hakuandikiwa tendo lingine. Wayunani wa kale nao waliona hivyo. Herodotus anasimulia kwamba Croesus, mfalme tajiri wa Lydia, alimuuliza Solon wa Athens ni nani aliyejaliwa heri kuliko watu wote, akitaraji kutajwa yeye. Solon akamtaja Tellus, raia wa kawaida, kwa kuwa alipata wana wema, akawaona wote wamejaliwa watoto, na watoto hao wakawa hai. Kisha akafa kwa heshima akiutetea mji wake. Mzee wa Mkuu anayehesabiwa vitukuu anapimwa kwa pishi hiyo hiyo, na ni pishi ya haki.

Ugumu unaanza kwenye aya inayofuata. Hapo marehemu anakuwa baba mwema, mcheshi, mcha Mungu, aliyempenda kila mtu na ambaye hakuwahi kugombana na yeyote. Mara padri anasimama kumwombea kwa Mungu asamehewe dhambi zake, na wale wale waliosikia kwamba hakuwa na kosa wanaitikia amina.

Rombo ni nchi ya Wakatoliki wengi. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Kilema mwaka 1890, na kabla karne hiyo haijaisha walikuwa wamefika upande huu wa mashariki wa Mlima Kilimanjaro. Kwa hiyo mafundisho juu ya toharani si mageni kwa mtu aliyelelewa Mkuu. Misa ya marehemu inasimama juu ya jambo moja: kwamba mtu huyu ameondoka na yaliyobaki bila kumalizika, na walio hai wanaweza kumsaidia kwa sala. Ukimwondolea yote hayo kwa sifa, umemnyima sala pia. Ndiyo maana maelekezo ya Misale ya Kirumi, kifungu cha 382, yanataka katika misa ya mazishi mahubiri mafupi na kukataza yasigeuzwe kuwa hotuba ya kumsifu marehemu. Wapo wanaoliona agizo hilo kuwa kavu. Kwa hakika lina huruma kuliko wasifu, maana linamwacha mzee abaki binadamu anayehitaji kuombewa.

Kuna aliyeonyesha namna ya kufanya yote mawili, naye alikuwa Mwafrika wa mji mdogo. Mtakatifu Augustino alizaliwa Thagaste, ambayo leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Mama yake, Monika, alifariki Ostia, Italia, mwaka 387, katika mwaka wa 56 wa umri wake. Monika alikuwa ameshajiandalia kaburi nyumbani kando ya mumewe, jambo ambalo Mchagga yeyote analielewa. Mwishoni akawaambia wanawe wamzike popote, ila wamkumbuke altareni. Miaka kumi hivi baadaye Augustino aliandika habari zake katika Maungamo, kwa upendo ambao haujapungua nguvu mpaka leo. Lakini humo humo alieleza jinsi Monika alipokuwa msichana alivyozoea kuonja mvinyo kwa siri kila alipotumwa pipani, hadi mjakazi alipomtolea neno kali naye akaacha. Akamsifu, kisha akamwombea msamaha. Sifa hazikuizuia sala.

Baba yake, Patricius, ndiye anayewakaribia zaidi wazee wa Mkuu. Alikuwa mtu wa mali kidogo, mwepesi wa hasira na mwepesi wa wema pia, asiye mwaminifu kwa mkewe, aliyebatizwa mwishoni mwa maisha yake. Augustino hafichi hata moja kati ya hayo. Tena anataja kwamba baba huyu alijikamua kuliko uwezo wake ili mwana akasome Carthage, wakati wenyeji wenye mali zaidi hawakuwafanyia watoto wao hivyo. Kisha anawaomba wasomaji wawakumbuke Monika na Patricius, wote wawili, katika sala zao.

Kabla ya misheni, Uchaggani ukweli huu, kwamba marehemu ni binadamu mwenye kasoro, ulikuwa na njia zake. Petro Itosi Marealle, mangi (yaani mtawala) wa Marangu, aliziandika kwa Kiswahili mwaka 1947 katika Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kitabu ambacho jina lake tu linaonyesha kuwa safari ya mtu haikatiki kaburini. Mzee aliyeacha watoto alizikwa ndani ya nyumba. Baada ya muda mifupa ilifukuliwa, na fuvu likawekwa kihambani, yaani katika shamba la ukoo, penye mimea iitwayo masale. Aliyekufa aliingia kundi la warumu, yaani mizimu ya ukoo, na mrumu aliweza kupendezwa au kukasirika. Mtu anayeweza kukasirika ni mtu ambaye mnadaiana. Hakuna aliyedai kwamba babu alikuwa malaika. Walijua ana tabia yake, na kwamba amebaki nayo.

Isale lenyewe lina kazi zaidi ya moja. Linapandwa mpakani mwa kihamba. Linapandwa penye wafu. Na aliyekosa akitaka msamaha mzito humpelekea mwenzake jani la isale, nalo si jambo la kukataliwa kirahisi. Siku hizi kaburi la kihambani lina saruji na marumaru, na msalaba juu yake, na mara nyingi masale yangali hapo hapo pembeni, bila ugomvi na msalaba.

Ukweli unaokosekana kwenye wasifu huwa unasemwa siku chache baadaye, ukoo unapokaa kumaliza matanga. Hapo mambo hayana mapambo. Anayemdai marehemu aseme. Anayedaiwa na marehemu naye aseme. Ng'ombe aliyewekwa kwa jirani anatajwa. Mpaka wa shamba unatajwa. Sally Falk Moore, mwanaanthropolojia aliyechunguza sheria za kimila za Wachagga kwa miaka mingi, alionyesha jinsi ukoo unavyobeba mambo ya mali na urithi wa mtu aliyekufa. Waislamu nao wana mizani hii hii, tena kabla ya maziko: Hadithi inaeleza kwamba Mtume Muhammad alisita kumsalia maiti aliyekuwa na deni, hadi sahaba mmoja, Abu Qatada, alipojitwika kulilipa. Deni limetangulia sifa, na aliyelibeba amemtendea maiti wema ambao hotuba haiwezi kuufikia.

Itasemwa kwamba wafu hawasemwi vibaya. Neno hilo lina uzito, na halistahili kupuuzwa. Maiti hawezi kujitetea. Mjane yupo, ana aibu zake. Wapo pia wanaongoja msiba ili walipize kisasi kwa maneno. Lakini Augustino hakufanya kisasi. Alitaja kosa dogo la mama kwa jina lake, akataja ukali wa baba kwa jina lake, akaacha. Kumsema mtu vibaya ni kutaka apungue mbele za watu. Kumtaja alivyo, huku mikono ikiwa imekunjwa kwa sala, ni kumpokea mzima.

Na mambo ya kutaja yapo, tena yamefungana na historia ya mlima huu. Mzee aliyezaliwa miaka ya 1930 alikua pamoja na KNCU, chama cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1933. Alipeleka kahawa, akalipa karo. Serikali ikavunja vyama vya ushirika mwaka 1976, vikarudi miaka ya 1980. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukidhibiti mauzo ya kahawa ukaporomoka, na bei ikaporomoka nao. Katika nyumba yenye watoto wengi, bei hiyo iliamua nani asome na nani ashike jembe. Mila nayo iliamua ya kwake: mwana wa kwanza na wa mwisho ndio walioangaliwa zaidi katika vihamba, wa katikati wakatafute mbele ya safari, mara nyingi Moshi, Arusha au Dar es Salaam. Mabinti walitarajiwa kuolewa na kupata makao kwingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume juu ya ardhi, lakini wazee wengi walikuwa wameshagawa.

Baba wa namna hiyo hakuwa mwovu. Alichagua kwenye uhaba, na kila uchaguzi ulimwachia mtu fulani pengo. Wasifu unaosema aliwasomesha watoto wake wote kwa upendo, wakati mmoja wao amesimama nyuma ya turubai akikumbuka aliachishwa shule, unamfungia mtoto huyo mlango wa kusamehe, kwa sababu umeshatangaza kwamba hakuna cha kusamehewa. Sentensi moja ingetosha: kwamba baba alilipa karo kwa kahawa ya kihamba hiki, kwamba haikutosha kwa wote, kwamba binti fulani alibaki nyumbani akichuma kahawa hiyo ili kaka zake wasome, na kwamba familia inamshukuru leo mbele ya watu na inamwombea baba. Padri akija baada ya sentensi hiyo, atakuwa na cha kuombea.