Timu Hununuliwa au Hukuzwa?

Yako mambo ya michezo ambayo si mchezo. Moja ni hili. Shule ya sekondari ilikuwa na sifa kubwa katika raga, kisha ikaanza kushindwa mwaka baada ya mwaka. Wazazi wananung'unika, na vijana hawana tena hamu ya kuvaa jezi yake. Mkubwa wa shule afanye nini ili kuiinua? Njia ziko mbili. Aweza kutafuta vijana walio hodari tayari katika shule nyingine na kuwaleta kwake. Au aweza kuwafunza pole pole wale alio nao. Wengi hudhani hilo ni jambo la hesabu tu: ipi yaleta ushindi upesi? Lakini ni jambo la haki pia, maana katika njia zote mbili wanaotumiwa ni watoto wa watu.

Kwanza tuutazame mchezo wenyewe, kwa ajili ya sisi tuliozoea mpira wa miguu. Raga ilizaliwa shuleni. Wanafunzi wa shule ya Rugby, katika Uingereza, ndio walioandika sheria zake za kwanza mwaka 1845, na jina lake latoka huko. Timu ina watu 15. Mpira una umbo kama la yai. Hubebwa mikononi, wala hairuhusiwi kumrushia mwenzako aliye mbele yako. Mwenye mpira hukamatwa na kuangushwa chini. Mara nyingine watu 8 wa upande huu hushikamana na kusukumana na 8 wa upande ule. Hiyo ndiyo skramu. Kwa hiyo mchezo wahitaji miili ya kila namna: wazito wa kusukuma, warefu wa kuurukia mpira, wepesi wa kukimbia, na mfupi mwerevu wa kuuchomoa mpira nyuma ya miguu ya wakubwa. Nyota mmoja hatoshi.

Sasa tuitazame njia ya kwanza. Katika nchi ya New Zealand raga ya shule ni jambo kubwa; mechi nyingine zimewahi kuonyeshwa hata katika televisheni. Mwezi wa Desemba 2018, wakubwa wa shule 10 za mji wa Auckland walitangaza kwamba mwaka utakaofuata hawatacheza na shule moja ya mashindano yao. Walisema shule hiyo inawaita kwake vijana waliokwisha kuchezea timu za kwanza za shule nyingine. Baadaye pande hizo zilipatana, na mechi zikachezwa. Lakini swali lao lilibaki, nalo ni letu pia: shule inayofanya hivyo, inamkosea nani?

Wengine watajibu: haimkosei mtu yeyote. Kijana amepata masomo mazuri, wazazi wamekubali, timu imeshinda. Jibu hilo si la kudharauliwa. Tumtazame Siya Kolisi wa Afrika Kusini. Alizaliwa mwaka 1991 katika mtaa wa Zwide, katika mji wa Port Elizabeth, ambao tangu 2021 waitwa Gqeberha. Alilelewa na bibi yake katika umaskini. Alipokuwa na miaka 12, watu waliona kipaji chake katika mashindano ya watoto, akapewa nafasi ya kusoma bila malipo katika shule ya Grey, yenye sifa na mali. Mwaka 2018 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa Afrika Kusini katika mechi kubwa za mataifa. Akaiongoza timu hiyo kushinda Kombe la Dunia mwaka 2019 huko Japani, na tena mwaka 2023 huko Ufaransa. Nani atathubutu kusema kwamba ingefaa aachwe Zwide kwa ajili ya haki?

Basi, kumhamisha mtoto si kosa kwa lenyewe. Lakini tuangalie vizuri. Kolisi alichukuliwa akiwa mtoto, akapewa miaka mingi ya kusoma na kukua. Kijana wa miaka 17 anayeletwa kwa mwaka mmoja wa mwisho, kwa sababu tu shule yahitaji mkimbiaji, hapewi hivyo. Yeye ndiye anayeipa shule. Akivunjika mguu mwezi wa pili, je, shule itaendelea kumpenda? Hapo ndipo penye kipimo. Kama nafasi yake darasani inabaki ile ile hata asipoweza kucheza tena, amesaidiwa. Kama nafasi hiyo inakwisha pamoja na mguu wake, amenunuliwa.

Na wako wengine wawili wasiotajwa. Wa kwanza ni kijana aliyejizoeza miaka minne katika timu ndogo za shule akingoja zamu yake. Siku zamu ilipofika, alikuta mgeni amekwisha kukaa mahali pake. Hakushindwa na mwenzake waliyeanza naye, alifungiwa mlango. Wa pili ni mwalimu wa ile shule maskini aliyemfunza mgeni huyo tangu utoto. Kila akikuza mti, mwingine huja kuchuma matunda. Mwisho atachoka kupanda, na watoto wanaofuata katika shule hiyo hawatapata mwalimu. Basi ushindi wa hapa umelipwa na watu wa kule, ambao hawakuulizwa.

Kwa hiyo twasema njia ya pili ni bora: kuwakuza walio nyumbani. Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa. Lakini tusiwe wepesi wa kuisifu njia hii kabla ya kujua inadai nini.

Kwanza inadai macho yenye saburi. Wavulana hawakui pamoja. Mmoja hurefuka ghafla akiwa na miaka 12. Mwingine hungoja hadi 15 au 16. Mwalimu anayechagua wakubwa tu humtupa yule wa pili kabla hajaonekana. Tena yule mkubwa wa mapema hushinda kwa uzito tu, hajifunzi ufundi, na wenzake wakimfikia kwa kimo hana tena kitu. Ndiyo maana huko New Zealand wako watoto wanaopangwa katika timu kwa uzito wao, ili mwepesi naye ajifunze bila hofu.

Pili inadai kufunza mambo madogo yasiyoshangiliwa: kudaka mpira, kuurusha upande wa kushoto kama wa kulia, kuanguka bila kuumia, kuweka kichwa kando ya paja la mtu unayemwangusha na si mbele ya magoti yake. Inadai kuimarisha shingo na mgongo kabla ya kuingia katika skramu. Sheria zenyewe zalinda jambo hilo. Kwa wachezaji walio chini ya miaka 19, skramu hairuhusiwi kusukumwa zaidi ya metro 1 na nusu. Na timu isiyo na watu waliofunzwa kukaa mstari wa mbele, basi skramu huchezwa bila kusukumana kabisa.

Tatu inadai ukweli katika habari ya kichwa. Kijana aliyegongwa hadi akili ikavurugika sharti atoke uwanjani, wala asirudi siku hiyo. Ubongo uliogongwa mara ya pili kabla haujapona waweza kuvimba na kumwua. Mwalimu anayejenga kwa miaka mitano haoni vigumu kumtoa. Mwenye kutaka ushindi wa leo ndiye anayejaribiwa kusema, «endelea kidogo tu».

Hapa nafika kwenye shida ninayoiona kuwa ngumu kuliko zote. Kukuza timu kwahitaji miaka minne au mitano. Katika miaka hiyo timu itashindwa mara nyingi. Lakini kijana hupita shule ya sekondari mara moja tu. Wale wa darasa la mwisho mwaka huu hawatakuwapo siku ya furaha. Je, ni haki kuwaambia: ninyi pigweni, ili wadogo zenu washinde? Kama ni hivyo, nao pia wamefanywa ngazi ya kupandia wengine. Tofauti yao na yule mgeni aliyenunuliwa iko wapi?

Nafikiri jibu ni hili. Kazi ya kukuza ina haki kama kila kijana anakua yeye mwenyewe, katika mwaka wake mwenyewe. Ikiwa timu ndiyo inayokua tu, na yeye ni mbolea yake, hiyo siyo kazi ya shule. Kushindwa hakumdhuru kijana. Kinachomdhuru ni kutupwa mbele ya watu wanaomzidi uzito na ufundi, kila juma, ili jina la shule libaki katika daraja la juu. Kwa hiyo mkubwa wa shule mwenye haki ataanza kwa jambo la aibu kidogo: ataomba timu yake ishuke, icheze na walio sawa nayo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini ainame yeye, mkubwa, kwa sifa yake; asiwainamishe watoto kwa mifupa yao.

Hivyo kijana wa darasa la mwisho atashinda mechi kadhaa na kupoteza kadhaa, na ataondoka akiwa anajua jambo ambalo mwaka uliopita hakulijua. Na akitaka, ataombwa awafunze wadogo kudaka na kuangusha. Kazi hiyo ikiwa ya hiari yake, yeye si ngazi tena. Amekuwa mjenzi.

Wazazi na walimu, mkitaka kujua shule yenu inafuata njia gani, msitazame vikombe vilivyo katika kabati. Ulizeni maswali matatu. Mchezaji aliyeumia mwaka jana, je, yuko bado darasani? Mtoto wa timu ya tatu, je, naye ana mwalimu na mpira? Na yule mwembamba wa miaka 13 ambaye hakuna anayemtazama, je, jina lake linajulikana? Wakiweza kuwajibu bila kusitasita, vijana wenu wako mahali pema, hata kama Jumamosi iliyopita walifungwa.