Mti Usiozaa

Mkaaji wa Tassia, upande wa Embakasi jijini Nairobi, anunuapo mafuta ya kupima dukani, haulizi yametoka katika mti gani. Aghalabu yametoka katika michikichi ya Malaysia au Indonesia. Na nasaba ya michikichi ile inaleta swali limpasalo kijana kulifikiri: ni nani awezaye kukihukumu kitu kuwa hakina faida?

Asili ya mchikichi ni Afrika. Mwaka 1848 miche minne ilipandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, na wengi wa mama za michikichi ya Asia ni wa ukoo wa hiyo minne. Kokwa za ukoo huo zina ganda nene. Uko na mti mwingine ambao kokwa yake haina ganda kabisa. Lakini huo kwa kawaida ni tasa, maana matunda yake huoza kabla ya kukomaa. Mkulima mwenye shoka angeufanya nini? Naamini angeukata, wala nisingemlaumu.

Hata hivyo, mwaka 1941, Beirnaert na Vanderweyen, wataalamu wa kituo cha Yangambi huko Kongo, walionyesha kwamba ule mti tasa ndio baba atakiwaye. Chavua yake ikitiwa katika maua ya mti wa ganda nene, watoto wote huwa na ganda jembamba, na nyama ya tunda, iliyo na mafuta, huzidi. Lakini watoto hao wakizalishwa wao kwa wao, kiasi cha robo ya wajukuu hurudia ganda nene, nusu huwa na jembamba, na robo huwa tasa. Kwa hiyo wazazi wote wawili hawana budi kutunzwa daima.

Siku hizi miche ya ganda jembamba huzalishwa katika kituo cha utafiti cha Kihinga, mkoani Kigoma, ili wakulima waipande. Ni jambo jema. Lakini je, michikichi ya babu zao ikatwe yote? Wako wasemao kwamba mkulima mwenyewe ndiye apaswaye kuihifadhi. Mimi sikubali. Si haki kumwambia mtu wa ekari moja, mwenye watoto wa kulisha, atunze miti hafifu kwa ajili ya wajukuu wa watu wengine. Mzigo huo ni wa serikali, na wa kila akaangaye kwa mafuta hayo, hata yule wa Tassia asiyewahi kuuona mchikichi.