Moto Kichaa na Masharti ya Toba

Ukitaja Segerea kwa mkazi wa Dar es Salaam, kwanza atafikiria gereza. Ndilo linalosikika kwenye taarifa za habari: mtuhumiwa amenyimwa dhamana, amepelekwa Segerea. Lakini Segerea hiyohiyo ina Seminari Kuu ya Mtakatifu Karoli Lwanga, ambako vijana wanaojiandaa kwa upadri husoma teolojia, na katika masomo hayo wanajifunza namna mkosaji anavyoweza kusamehewa. Mashtaka na msamaha vimepewa jina moja la mtaa, na barabarani wanapita vijana wa bodaboda waliofunga magunia ya mkaa nyuma ya kiti.

Mkaa huo ulikuwa mti. Kusini-magharibi mwa Segerea kuna vilima vya Pugu, na juu yake mabaki ya msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, sehemu ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki yenye mimea na viumbe wasioonekana kwingineko duniani. Leo ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, lakini kabla ya hapo ulikatwa na kuchomewa mkaa kwa miongo mingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulipima jinsi misitu ilivyoliwa kuanzia Dar es Salaam kwenda nje. Kati ya 1991 na 2005, wimbi la wachoma mkaa lilisogea kama kilomita 2 kila mwaka, na la wakata mbao za thamani kama kilomita 9. Benki ya Dunia nayo ilionyesha kwamba kaya za jiji zinazotegemea mkaa zilipanda kutoka asilimia 47 mwaka 2001 hadi asilimia 71 mwaka 2007.

Shoka, hata hivyo, lina mwisho wake. Mkataji huchoka akarudi nyumbani. Moto ndio unaoendelea. Miti mikubwa ikiondoka, jua hufika chini, nyasi huingia, na nyasi hukauka kiangazi. Hapo inatosha tanuri moja lililofunikwa vibaya, au mrina asali aliyeacha kijinga cha moto, au mkulima anayesafisha shamba siku ya upepo. Moto huingia ndani ya msitu ambao zamani unyevu wake ungeuzima. Watu wa misitu huuita moto kichaa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka masharti ya kuwasha moto, lakini ni nadra mwenye kiberiti kupatikana.

Kisha masika huja, na kijani hurudi. Wengi, Waislamu kwa Wakristo, huona kijani kile kama neno la mwisho: Mungu ameotesha tena, yamekwisha. Swali ni kama ni kweli yamekwisha. Msitu ukiota upya, mtu amesamehewa?

Anayejibu ndiyo hana upofu, anao ushahidi. Misitu ya miombo, inayotanda sehemu kubwa ya Tanzania, imeishi na moto kwa maelfu ya miaka. Shina likiungua, mizizi hubaki hai na kuchipua. Mpingo mchanga unaweza kuunguzwa juu mwaka baada ya mwaka, na bado ukatoa chipukizi. Lakini uvumilivu huu una kikomo, na kikomo hicho kimepimwa. Karibu na Ndola, Zambia, tangu 1933 wataalamu walitenga vipande vya miombo na kuvitendea tofauti. Kipande kilicholindwa dhidi ya moto kiligeuka msitu mnene. Kilichochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, kilibaki na miti yake. Kilichochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, moto ukiwa mkali kupita kiasi, kiliishia kuwa uwanda wa nyasi. Ardhi ilikuwa ileile na mvua ileile. Tofauti ilikuwa ni lini moto umekuja, na kama umeyapa machipukizi nafasi ya kurefuka kabla haujarudi. Wanavijiji wa Kilwa walioshirikiana na Mpingo Conservation & Development Initiative wametumia elimu hiyohiyo: wanachoma mapema, kidogokidogo, ili moto mkubwa wa Septemba ukose cha kula.

Kwenye Kilimanjaro hesabu ni ngumu zaidi. Oktoba 2020 moto uliwaka siku nyingi juu ya mlima, ukaunguza takribani kilomita za mraba 95. Maofisa walisema huenda ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Oktoba 2022 ukawaka tena, safari hii karibu na kambi ya Karanga. Magazeti ya dunia hupenda kuandika juu ya barafu ya kilele cha Kibo inayoyeyuka, na picha zake kweli zinauma. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, aliyeutafiti mlima huo kwa miaka mingi, aliandika mwaka 2005 kwamba hasara kubwa iko chini ya barafu. Hali ya hewa imekuwa kavu zaidi, moto umekuwa wa mara kwa mara na mkali zaidi, na mpaka wa juu wa msitu umeshuka kwa mamia ya mita. Wengi wangetarajia kinyume: joto likipanda, miti ipande mlima. Moto umeirudisha chini.

Miti inayoishi mpakani hapo ni ya jamii ya Erica, yenye majani membamba na ndevu za kuvumwani. Ukungu unapopita, majani yale huukamata na kuudondosha ardhini kama maji, na maji hayo huingia kwenye chemchemi na mito inayolisha mifereji ya Wachagga. Mti huo ukiungua mara moja unaweza kuchipua tokea chini. Ukiungua tena kabla ya kukomaa, unabaki kichaka, na kichaka hakikamati ukungu kama mti mrefu.

Kitabu cha Ayubu kinautaja mti uliokatwa, kikisema una tumaini ambalo mwanadamu hana, kwamba utachipuka tena. Wahubiri hulipenda fungu hilo. Wachache husoma hadi mwisho wake, ambako tumaini lile limefungwa kwenye maji: kisiki kinachipua kikipata harufu yake. Kwenye Kilimanjaro anayeleta maji ni mti wenyewe.

Basi turudi kwenye toba. Wanazuoni wa Kiislamu wameiwekea masharti: kuacha kosa, kujuta, kuazimia kutorudia, na kama kosa linagusa haki ya mja, kumrudishia mwenyewe haki yake. Wakatoliki nao wana majuto, maungamo na malipizi. Katika orodha zote mbili hakuna mahali paliposemwa kwamba aliyeumizwa akipona, basi aliyeumiza ametubu. Kidonda hupona kwa nguvu ya mwili wenye kidonda. Kijani cha Pugu baada ya masika kinaeleza nguvu ya mizizi. Hakielezi chochote juu ya moyo wa mchoma mkaa, wala wa anayeununua.

Na sharti la kwanza, la kuacha, ndilo msitu unalodai pia: miaka bila moto. Kuacha ni kugumu kuliko kupanda. Kupanda kuna picha, mgeni rasmi na fulana. Si kwamba hakuna thamani. Kuna mapokeo ya Mtume kwamba mwenye mche mkononi aupande hata kama Kiyama kinasimama, na Askofu Fredrick Shoo wa kanisa la Kilutheri, KKKT, amejulikana Kilimanjaro kwa kampeni ya miti ya muda mrefu. Lakini mche uliopandwa mahali panapowaka kila Oktoba ni kuni za mwaka kesho.

Shinyanga walijaribu kuacha. Miti ilikuwa imekatwa kwa miongo, mingine kwa amri ya serikali ya kikoloni iliyotaka kuwamaliza mbung'o. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao haukutegemea miche peke yake, bali ulifufua desturi ya Wasukuma ya ngitili: eneo linafungwa, ng'ombe hawaingii, visiki vinaachwa vichipue. Ngitili zilizobaki wakati huo zilikuwa hekta mia kadhaa. Miaka ya 2000 zilihesabiwa kupita hekta 300,000. Dagashida, mkutano wa kijiji, ulimwita aliyevunja mwiko kwa jina na kumtoza faini. Hapa toba ilikuwa na masharti yake yote, na mwenye kosa alikuwa ameketi mbele ya watu.

Nani aitwe mbele ya dagashida kwa moto wa Kilimanjaro? Mpagazi na sufuria yake ndiye rahisi kumpata. Mama wa Segerea anayepikia mkaa ana sehemu yake kwa Pugu, ingawa gesi ikipanda bei anaachiwa uchaguzi mdogo. Serikali imelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lakini joto la dunia linalochochea moto wa namna hii limetengenezwa zaidi na viwanda na magari ya nchi ambazo hazijawahi kuuona mwiko wa ngitili. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia.

Kwa nchi hizo za viwanda imebuniwa kaffara ya kisasa: kulipia kaboni inayohifadhiwa na msitu wa mbali na kuendelea na safari. Mwanafunzi wa historia ya Kanisa atakumbuka biashara ya rehema iliyomkasirisha Luther mwaka 1517. Mwaka 2021, moto wa Bootleg katika jimbo la Oregon, Marekani, uliunguza misitu ambayo kaboni yake ilikuwa imekwishauzwa.

Patriaki Bartholomayo wa Konstantinopoli alisema mwaka 1997 kwamba kuharibu uumbaji ni dhambi, na Papa Fransisko akamuunga mkono katika waraka wake wa 2015. Mwaka huohuo, huko Paris, mataifa yalikubali kwamba ipo hasara na uharibifu unaotokana na mabadiliko ya tabianchi. Uamuzi uliopitishwa pamoja na mkataba ukaongeza kwamba kifungu cha hasara na uharibifu hakiwi msingi wa dhima wala fidia. Hayo ni maungamo yaliyoandikwa na mwanasheria: kosa lipo, deni halipo. Mfuko wa hasara na uharibifu ulikuja kukubaliwa Novemba 2022, mwezi mmoja baada ya moto wa Karanga. Marekani iliahidi dola milioni 17.5, na mwaka 2025 ikajitoa kwenye bodi yake.