Sarafu ya Mtawala Dhalimu: Je, Ni Vema Kuiweka?

Wasomaji wengi wajua ya kuwa neno "hela", tulilo nalo vinywani kila siku hapa Buguruni na kule Kariakoo, asili yake ni Kidachi. Heller ilikuwa sarafu ndogo ya Serikali ya Wadachi, na tangu mwaka 1904 heller 100 zilifanya rupia moja. Utawala ule ulikwisha zamani, na sarafu zake leo hazinunui hata kitumbua, lakini jina limebaki.

Nalitaja neno hili kwa sababu rafiki yangu mmoja, mwalimu kama mimi, alinikuta nimepanga sarafu zangu za kale mezani, akaniuliza kwa uchungu, "Mwenzangu, waitunzaje nyumbani mwako sura ya mtu ambaye askari wake waliwanyonga babu zetu?" Nikamjibu kwa mzaha kwamba hata yeye ana hela mfukoni. Alinyamaza; lakini mzaha haukuwa jibu, nami usiku ule sikupata usingizi upesi.

Tuitazame rupia yenyewe. Ni ya fedha, na upande mmoja yuko Kaisari Wilhelm wa Pili, amevaa kofia ya chuma yenye sanamu ya tai juu yake. Mwaka 1897 Wadachi waliamuru kodi ya nyumba, nayo kwa nyumba nyingi za shamba ilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Asiyekuwa nazo ilimpasa kuzitafuta, na aghalabu alizipata kwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya wageni. Basi rupia haikuwa chombo cha kununulia chumvi na nguo tu. Ilikuwa pia kamba ya kumvutia mtu kazini. Mwezi wa Julai 1905 watu wa Umatumbi waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Huko Songea, tarehe 27 Februari 1906, watu 67 walinyongwa. Askari walichoma vyakula na mashamba, ikafuata njaa, na wako wanahistoria wanaohesabu waliokufa kuwa hata 300,000. Jambo hili halijawa kuukuu: tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea akaomba msamaha.

Rafiki yangu asema afadhali sarafu hizi ziyeyushwe. Mimi sioni hivyo. Ukiyeyusha rupia, Kaisari hapati hasara yoyote. Anayepata hasara ni mjukuu atakayetaka kujua babu yake alilipa nini. Yuko, ni kweli, mtu awekaye sarafu ya namna hii kwa kuutamani utawala ule na nguvu zake, na huyo sina la kumtetea. Lakini wengi wetu hatumo katika kosa hilo. Kosa letu ni jingine, nami nilichelewa kuliona.

Wakusanyaji wa sarafu huipenda ile isiyochakaa. Sarafu iliyotoka kiwandani ikalala sandukuni, isiguswe na mchuuzi wala mpagazi, ndiyo yenye thamani kubwa. Vivyo hivyo sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli wakati wa vita: hutafutwa sana, na anayeishika mara chache humkumbuka mpagazi aliyekufa njiani mwaka ule ule. Lakini rupia iliyosuguliwa na mikono mingi hata masharubu ya Kaisari yakafifia, hiyo huitwa mbovu, nayo ndiyo iliyolipa kodi.

Mimi ninayo moja kama hiyo, tena imetobolewa. Niliinunua kwa bibi mmoja mzee hapa Buguruni, aliyekuwa na shida ya kodi ya chumba. Aliniambia ilikuwa ya bibi yake, mzaliwa wa Umatumbi, aliyeivaa shingoni maisha yake yote. Nilijua ya kuwa fedha peke yake ina thamani kupita nilichompa. Nikajisemea, imetobolewa, imeharibika, na nikaondoka kama mtu mwerevu. Baada ya maneno ya rafiki yangu niliitoa tena nikaitazama. Tundu lile limepita juu ya kichwa cha Kaisari, katikati ya tai. Mwanamke yule alichukua kitu kilichopigwa kwa ajili ya kodi, akakifanya pambo lake. Nami nilikuwa nimepunguza bei kwa ajili ya tundu hilo.

Nilirudi kwa bibi na sarafu yake, pamoja na fedha zilizopungua. Nikamsalimu, nikamweleza yote pasipo kujificha. Alizipokea zile fedha, akazihesabu mara mbili, wala sikumlaumu. Rupia alikataa kuichukua. "Mwanangu," alisema, "wajukuu wangu wataiuza kesho. Kaa nayo wewe, lakini liandike jina la bibi yangu, usiandike la huyo Mdachi peke yake."

Akanitajia jina, nami nikaliandika kwenye karatasi iliyomo ndani ya mkebe.