Anayetangulia Njiani

Kwetu Butembo kupanda mlima ni kazi. Mji wenyewe umekaa juu ya vilima: mwanafunzi hupanda kwenda shule, mgonjwa hupanda kwenda hospitali, na mama anayetoka Masereka huleta viazi sokoni mgongoni, kamba ya mzigo ikiwa imekaza kwenye paji la uso. Kwa hiyo mwaka 2017, niliposema naenda Goma kulipa pesa ili nipandishwe volkano, wazee wa familia hawakunielewa. Mmoja aliniuliza, huko juu kuna nini kisichokuwa hapa chini? Nilimjibu kwamba kuna moto. Leo ningemjibu kwamba kule juu nilijifunza maana ya kuongozwa vizuri, na kwamba bila funzo hilo nisingeyaelewa mengi yaliyotupata Butembo na Beni tangu wakati ule.

Nyiragongo uko kusini mwa jimbo letu, juu ya mji wa Goma, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Una urefu wa mita 3,470, na miaka hiyo kilele chake kilikuwa na ziwa la lava lililokuwa likiwaka usiku na mchana. Lava ya mlima huu ina silika kidogo sana, hivyo ni nyepesi na hukimbia. Mwaka 1977 ubavu wa mlima ulipopasuka, ziwa zima lilimwagika kwa muda usiofika saa moja, likawakuta watu vijijini kabla hawajajua wakimbilie wapi. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuacha zaidi ya watu 100,000 bila makazi. Mlima wa namna hiyo ushujaa wako hauutishi. Ndiyo maana hifadhi haikumruhusu mtu yeyote kuupanda bila mwongozaji na askari wenye silaha.

Tulikuwa kikundi kidogo cha watu tunaofahamiana, wote kutoka Butembo: walimu, mhandisi mmoja, na mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge ambaye Guangzhou anaijua kuliko wengi wetu tunavyoijua Kisangani. Hatukuchanganywa na wageni wengine. Safari ilikuwa yetu peke yetu, pamoja na askari wa hifadhi, wabeba mizigo waliojitwika makaa na vyakula, na mwongozaji mmoja. Kijana huyo alikuwa mwenyeji wa wilaya ulipo mlima, na hakuwa msemaji sana.

Kabla hatujatoka kituo cha Kibati alitupanga mstari. Tulidhani atawaweka mbele wenye nguvu. Alimwita mama wa vitenge, ambaye tayari alikuwa anahema kwa kushuka tu kwenye gari, akamsimamisha nyuma yake kabisa, hatua moja kutoka kisigino chake. Akamwambia kwa heshima, “Mama, leo wewe ndiye saa yetu. Ukisimama, sisi sote tumesimama.” Vijana wawili wa kikundi chetu walinung'unika. Yeye hakuwajibu, alianza kutembea.

Njia ya Nyiragongo ni fupi ukiisoma kwenye karatasi, kilometa kama nane, lakini hula saa tano au sita. Kwanza ni msitu wenye giza na tope. Halafu unafika kwenye mawe ya lava ya 2002, meusi, mepesi, yanayozunguka chini ya unyayo kila unapokanyaga. Hapo ndipo nilipoanza kumtazama yule kijana kwa makini. Hakuangalia mbele sana, maana njia aliijua kwa miguu. Aligeuza shingo kidogo kila baada ya hatua chache na kusikiliza pumzi za mama. Pumzi zikianza kukatika, yeye husimama na kutuonyesha kitu: ufa unaotoa mvuke ambapo unaweza kupasha mikono joto, au shina la mti lililobaki shimo ndani ya lava baada ya mti wenyewe kuungua. Mama akapumzika bila mtu yeyote kutaja kuchoka kwake. Sote tulipumzika, hata wale vijana walionung'unika, na nilipowaona wanavyokunywa maji nikajua walihitaji kusimama kama sisi.

Jambo la pili lilihusu mazuku. Ndivyo watu wa huko wanavyoiita hewa nzito ya kaboni inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni, haina rangi wala harufu, na inaua mbuzi na mtoto bila kelele. Mmoja wetu alitaka kushuka kwenye kishimo kando ya njia kujisaidia. Mwongozaji alimzuia, kisha akatukusanya na kueleza kila kitu: hewa hiyo inatoka wapi, kwa nini inakaa chini na haipandi, na kwa nini asubuhi yenye utulivu ni hatari kuliko mchana wenye upepo. Angeweza kusema “marufuku” akaendelea na safari. Alitumia dakika kumi kutupa sababu. Baada ya hapo hakuhitaji kumkataza mtu tena. Sisi wenyewe tulikatazana.

Tulifika juu jioni, baridi ikiwa imeshuka. Mama wa vitenge alifika pamoja nasi. Chini ya ukingo, mbali kwenye vilindi, ziwa la moto lilikuwa linavunja utando wake mweusi kama maziwa yanayochemka, na kila ulipopasuka mwanga mwekundu ulipanda ukutani. Sauti yake ilikuwa nzito, haikatiki. Sijaona kitu kikubwa kama kile tena. Lakini kijana yule hakulitazama ziwa. Alikuwa amekaa kati yetu na ukingo, mgongo wake kwenye moto, macho yake kwetu, akihesabu watu.

Nimetaja kazi ya watu hawa nikijua gharama yake. Mei 2018, mwaka uliofuata safari yetu, askari wa hifadhi Rachel Masika Baraka, mwenye umri wa miaka 25, aliuawa kaskazini mwa Goma akiwalinda wageni waliovamiwa barabarani. Masika ni jina la nyumbani kwetu. Katika mtaa wowote wa Butembo ukiita Masika ataitika mtu. Hifadhi ilifunga milango kwa wageni hadi mwanzoni mwa 2019. Aprili 2020 askari wengine 12 wa hifadhi waliuawa kwa siku moja karibu na Rumangabo. Mtu anayekaa kati yako na hatari hafanyi hivyo kwa maneno.

Miezi michache baada ya kifo cha Masika, sisi wenyewe tuliletewa waongozaji wa aina nyingine. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola huko Mangina, katika wilaya ya Beni. Ugonjwa ukaingia Beni mjini, kisha Butembo na Katwa. Yalikuja magari mengi, fedha nyingi na wataalamu wa kweli. Zilikuja pia amri: msimguse mgonjwa, msimwoshe marehemu, msimzike wenyewe. Amri hizo zilikuwa sahihi. Lakini walioambiwa ni watu ambao tangu Oktoba 2014 walikuwa wakiuawa mashambani na waasi wa ADF, na hawakuwa wameona magari ya namna hiyo yakija kuwaokoa na panga. Desemba 2018 wakaambiwa kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura ya rais pamoja na nchi nzima, na Ebola ikatajwa kuwa sababu mojawapo, ilhali masoko na makanisa yalikuwa wazi. Watu wakauliza ugonjwa huu ni wa nani. Aliyewajibu kwa utulivu na kwa lugha yao alikuwa nadra.

Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Tarehe 19 Aprili, Dakta Richard Mouzoko, mganga kutoka Kamerun aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, alipigwa risasi na kufa akiwa hospitalini, hapa hapa Butembo. Alikuwa ameacha watoto wake kwao ili aje kututunza sisi. Kumuua mganga hakuna udhuru, na mji wetu utaendelea kubeba aibu hiyo. Nasema tu kwamba woga uliomzunguka haukuanza siku ile. Ulikua taratibu, kwa kila swali la raia lililopita bila jibu. Na ilipofika Septemba 2021, tume huru ikaeleza jinsi baadhi ya waliokuja kutusaidia walivyowadhulumu wanawake wetu kingono wakati wa kazi hiyo. Waliopanda nasi mlima huo wa ugonjwa hawakuwa wote wakihesabu watu.

Mlipuko wa Ebola ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470, na waliofariki 2,287. Niliposoma namba ya kwanza nilishtuka, maana ndiyo urefu wa Nyiragongo kwa mita. Namba mbili kukutana hivyo ni bahati tu. Lakini tangu siku hiyo siwezi kuufikiria mlima bila kuwaweka watu juu yake, mtu mmoja kila mita moja kuanzia usawa wa bahari. Kituo cha Kibati kiko karibu mita 2,000. Wafu peke yao wanapita kituo, wanaingia msituni, wanaendelea kupanda.

Je, waliotutoa katika janga lile ni kina nani? Chanjo ilisaidia sana, na zaidi ya watu 300,000 waliipata. Madaktari na wauguzi walisaidia, wengi wao vijana wetu wenyewe. Lakini kuna watu ambao kila ninapokumbuka wakati ule nawaona kwanza: wale waliougua wakapona. Miili yao ilikuwa imeushinda ugonjwa, wakaweza kukaa karibu na hatari ambayo wengine hawakuthubutu kuikaribia. Beni na Butembo zilifunguliwa nyumba za kulelea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa vituoni. Waliopona ndio waliowabeba watoto hao mikononi, wakawalisha, wakawalaza, wakati hakuna shangazi wala bibi aliyeruhusiwa kuwagusa. Mtu wa namna hiyo akipita mtaani na kusema “pelekeni mgonjwa mapema, mimi nilipona,” hakuna aliyemrushia jiwe. Alikuwa ameipita njia kwa miguu yake, na alikuwa tayari kuirudia akiwa na mtoto wa mwingine kifuani.

Leo sisi wa Butembo hatuwezi kwenda kupanda Nyiragongo. Mlima wenyewe ulilipuka tena tarehe 22 Mei 2021, na watu wa Goma walikimbia usiku bila onyo. Kituo kinachochunguza volkano kilikuwa kimebaki bila fedha za kutosha baada ya ufadhili kutoka nje kwisha mwaka uliotangulia. Walioujua mlima hawakuwa wamewezeshwa kutangulia. Kisha vita vikaja: mji wa Kanyabayonga ukaanguka Juni 2024, barabara ya kwenda Goma ikakatika, na Januari 2025 waasi wa M23 wakaingia Goma yenyewe. Serikali ya jimbo sasa inafanya kazi kutoka Beni. Familia zilizotoka kusini zimejaa nyumba zetu, na kila wiki anazuka mtu mpya anayetuambia tumfuate: mwenye bunduki, mwenye mimbari, mwenye simu iliyojaa habari ambazo hakuzithibitisha.

Katika hali hii wengi wanasema dawa ni kutomwamini yeyote. Naelewa wanakotoka, lakini sikubaliani nao. Mtu asiyemwamini yeyote atashuka kwenye kishimo cha mazuku akidhani ni bonde la kawaida. Tulilipia kutoamini kwetu mwaka 2019, na malipo yalikuwa makaburi. Tunachohitaji ni kujua tunamwamini nani na kwa sababu gani. Anayetaka nimfuate anionyeshe kwamba njia hii ameshaipita, au atapita nami. Anieleze sababu ya anachonikataza, kwa lugha ninayoisikia nyumbani. Nione pia amemweka nani karibu naye: wenye nguvu wanaomsifu, au yule anayehema.

Na swali hilo hawaulizwi magavana na majenerali peke yao. Mkubwa wa avenyu anayeandika majina ya wakimbizi kwa ajili ya msaada ana watu nyuma yake. Ana watu pia mwalimu mwenye darasa la watoto sabini, nusu yao wamefika juzi kutoka Lubero, na dada wa kwanza katika nyumba ambayo baba hakurudi kutoka shambani. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na mimi naongeza kwamba anayetembea kwa mwendo wa aliye dhaifu hafiki peke yake. Mama wa vitenge angeweza kuachwa Kibati, na hakuna ambaye angelaumiwa. Alifika kwa sababu mtu mmoja aliyeijua njia aliamua tangu mwanzo kwamba safari itahesabiwa imefika siku mama yule atakapofika. Hicho ndicho kipimo ninachowadai wanaotuongoza Butembo na Beni, na ndicho wanangu na wanafunzi wangu wana haki ya kunipimia mimi.