HABARI YA BURE, NANI ALIYEILIPIA?



Siku hizi mtu aliye Bariadi, au Lagangabilili, au ndani kabisa ya Meatu, akitaka kujua mambo ya dunia hangoji tena basi la Mwanza limletee magazeti yaliyokwisha lala njiani. Hutoa simu mfukoni akasoma. Na asomapo hukuta mambo mawili. Habari nyingi zimetandazwa bure kama mchanga. Na baadhi yake, ambazo mara nyingi ndizo zilizochunguzwa kwa taabu, zimefungiwa mlango, na mlangoni pameandikwa: lipa kwanza. Gazeti la Nation la Nairobi lilianza kuufunga mlango huo mwaka 2021, na Mwananchi la Dar es Salaam nalo huuza nakala yake ya mtandaoni. Basi watu huuliza, na wengine huuliza kwa hasira: Je, habari nayo ni kitu cha kununuliwa? Si maneno tu?

Aliyesema kuwa habari ni maneno tu hajapata kuuza pamba.

Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza watu kutoka nje ya mji kuwalaki wenye misafara na kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni. Kwa nini? Mnunuzi hakuiba, wala hakupunja mizani. Amenunua kwa ridhaa ya mwenye mali. Kosa lake ni kwamba yeye anaijua bei ya soko na mwenzake haijui. Na katika mapokezi ya Muslim, mwenye mali akifika sokoni amepewa hiari ya kuirudisha biashara ile. Zingatia jambo hili, ndugu yangu. Sheria imeihesabu habari ya bei kuwa ni sehemu ya haki ya muuzaji, na kumkuta mtu hana habari ukamnunulia kwa ujinga wake ni dhuluma, hata kama fedha umemhesabia mkononi.

Wazee wa Usukuma waliyajua haya kwa machungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Bariadi ikiwa bado ndani ya wilaya ya Maswa, wakulima wa Jimbo la Ziwa walichoshwa na mizani za wanunuzi. Wakaweka wapimaji wao wenyewe, pamba ipimwe kwa mizani ya mkulima kabla haijafika kwenye mizani ya mfanyabiashara. Katika harakati hizo, ambazo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake, vikakua vyama vya ushirika, hata mwaka 1955 vikaungana kuwa shirikisho moja kubwa. Sasa niambie: mpimaji yule alikuwa ale kwa nani? Angelishwa na mnunuzi asingekuwa mpimaji wa mkulima tena, angekuwa mtu wa mnunuzi aliyevaa kanzu ya mkulima.

Na mwandishi wa habari ni mpimaji. Msimu wa mwaka 2019 bei elekezi ya pamba ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Kisha bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wa mkoa huu wa Simiyu wakakaa miezi wakingojea fedha zao. Katika wakati kama huo uvumi haukosekani: bei itaanguka zaidi, uza leo! Mwenye kuuleta hataki hata senti moja kwa habari yake. Anataka pamba yako.

Watakuja ndugu wengine waseme: lakini elimu haifichwi, na Qur'ani katika Suratul Baqara imekataza kuficha ushahidi, vipi basi tuhalalishe kuuweka ushahidi nyuma ya mlango wa fedha? Hoja hii ina nguvu, wala siipuuzi. Lakini katika sura hiyo hiyo, aya ya 282, iliyokuja kwa ajili ya kuandikiana madeni, mna katazo la madhara linalomhusu mwandishi na shahidi, na wamo wafasiri walioifahamu kuwa hao wawili wasidhuriwe kwa sababu ya kazi yao. Mtu atokaye Bariadi mjini kwenda kijijini kuuliza kwa nini dawa hakuna zahanati, au fedha za chama cha msingi zimekwenda wapi, huacha shamba lake, hulipa nauli, hulala ugenini. Nani amwondolee madhara hayo?

Sahaba Jabir bin Abdillahi (R.A.) alisafiri mwendo wa mwezi mzima mpaka Sham ili ahakikishe hadithi moja tu kwa Abdullahi bin Unais, na imepokewa kwamba alinunua ngamia kwa safari hiyo. Hadithi hiyo sisi tumeipata bure. Ngamia hakuwa wa bure.

Mwandishi wa mikoani wetu hana ngamia. Wengi wao hulipwa kwa kila habari iliyochapwa, na malipo yenyewe ni madogo. Basi hupanda gari la mkubwa yule yule anayekwenda kumwandika, akala chakula chake, na jioni akatiwa mkononi bahasha. Kesho yake wewe husoma bure kwamba ziara ilifana. Tunamlaumu mwandishi, na lawama anastahili, lakini sisi wasomaji tuliokataa kumlipia nauli tumemsukuma garini.

Na ajabu ni kwamba mwenye kuapa kuwa hatatoa fedha kwa ajili ya habari tayari amekwisha zitoa: amenunua bando. Amemlipa mwenye punda, akakataa kumlipa mwenye nafaka.

Liko jingine ambalo twalifanya bila ya haya. Gazeti la kulipiwa hununuliwa na mmoja, akalinakili zima, na kabla jua halijapanda limekwisha enea katika makundi ya WhatsApp. Tukiulizwa twasema: zamani si gazeti moja lilisomwa na watu kumi barazani? Ndiyo, lilisomwa. Lakini lile lilikuwa gazeti moja, likiwa mkononi mwako halimo mkononi mwangu, na mwisho wake lilifungia karanga. Hili la leo huzaana. Anayelituma kwa watu mia tano hakuwaazima kitu. Amewachapishia magazeti mia tano kwa mali ya mwingine. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait cha Desemba 1988, ilikwisha kata kuwa haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa na sheria na haijuzu kuzishambulia. Hapo sioni njia ya kutokea.

Sisemi kwamba kila kilichofungiwa mlango kina thamani. Udaku wa nani kamwacha nani, hata ukiuzwa shilingi kumi, ni ghali. Usinunue.

Limebaki suala la asiyenacho, nalo ndilo zito. Mkulima wa Itilima ambaye pamba yake haijalipwa hawezi kununua gazeti, na yeye ndiye anayelihitaji kuliko tajiri. Waislamu walipohamia Madina kisima cha Ruma kilikuwa na mwenyewe, akiuza maji. Sayyidna Uthman (R.A.) hakumwambia mwenye kisima kuwa maji ni ya Mungu ayatoe bure, wala hakuwaambia maskini wavumilie kiu. Alikinunua, akakifanya wakfu, tajiri na maskini wakateka sawasawa. Sisi Waislamu wa Bariadi tu wachache, lakini watu arobaini hawakosekani msikitini baada ya Isha. Gazeti moja lililolipiwa na arobaini humgharimu kila mmoja kiasi cha kikombe cha kahawa, pengine kisijae. Likasomwa kwa sauti barazani, msimu wa pamba hasa, na jirani asiyekuwa Mwislamu akipita akaketi kusikiliza, hapana nakala iliyoibwa, kwani sikio halichapi.

Atakayeshika simu na kusoma achaguliwe mwenye macho mazuri na sauti ya kufika nyuma.